Kutoa vanishi ya zamani kwenye upinde wa kizamani: tumia kioo na msasa, rimuva waachie watu wa mageti

Kwanza nianze na upinde niliouua, maana ndo ulionifundisha karibu yote ninayoandika hapa. Niliupata Kinondoni kwenye duka la vitu vya kontena, yale maduka ambayo friji, kitanda cha mtoto na gitaa lisilo na nyuzi vimelala pamoja, nikatoa elfu hamsini baada ya kubishana sana. Vanishi yake ilikuwa imepasuka pasuka kama udongo wa kiangazi na imegeuka rangi ya chai. Nikafika nao nyumbani Tabata, nikachukua rimuva ya rangi, ile ya kopo wanayopaka kwenye mageti kabla ya kupiga rangi upya, nikaupaka mzima mzima kisha nikaenda kula. Narudi nusu saa baadaye vanishi imevimba yenyewe, inavuka tu, mi huyo nafurahi. Maandishi nayo yakaondoka. Na pale ubavuni, kwenye ule mstari mwembamba ambao mbao na faibaglasi vimegandana, gundi imekuwa nyeupe na ukibonyeza kwa kucha inaingia. Nikajidanganya kwamba itakauka. Wiki mbili mbele nimeufunga kamba, kuvuta mara ya nne au ya tano hivi, paa! Upande wa juu umefunguka katikati kama kitabu kilicholowa.

Sasa hivi nimeshafanya mingine mitatu na yote inapiga mpaka leo, na sijagusa rimuva tena.

Tuelewane majina kidogo maana Kiswahili cha hivi vitu kila mtu ana chake. Ile mbao nene ya katikati unayoshika naiita mshikio. Yale mapande mawili yanayopinda, la juu na la chini, nayaita mabawa. Upande unaoangalia shabaha ni mgongo, upande unaokuangalia wewe ni tumbo.

JUA ULICHOSHIKA

Pinde nyingi za zamani zinazotufikia huku ni za Kimarekani za miaka ya 1950 mpaka 1970 na kitu. Bawa lake limetengenezwa kama mkate wa kupaka siagi: faibaglasi mgongoni, faibaglasi tumboni, katikati vipande vyembamba vya mbao, vyote vimeshikwa na gundi ya epoksi. Nguvu ya upinde iko kwenye zile nyuzi za faibaglasi zinazokimbia kutoka mshikioni mpaka nchani, vanishi ni koti tu la juu. Kazi yako ni kuvua koti bila kugusa ngozi, hiyo ndo kazi nzima, mengine yote ni maelezo.

Kama umeandikwa Bear, yaani ile kampuni ya pinde ya Kimarekani, angalia na mji. Kiwanda cha Fred Bear kilikuwa Grayling, Michigan, halafu mwaka 1978 kikahamia Gainesville, Florida, kwa hiyo ukiona Grayling ujue umeshika wa kabla ya hapo. Huo usiukimbilie na msasa. Wanaokusanya hivi vitu wanataka vanishi ya kiwandani hata kama imechoka, ukiivua umeshusha bei mwenyewe kwa mikono yako. Mi ningeusafisha tu kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, nikaukausha, nikauacha hivyo hivyo. Kiukweli nusu ya pinde nilizoonyeshwa na watu hazikuhitaji kuvuliwa, zilihitaji kuoshwa.

Na kama upinde wako ni wa mti mtupu, hauna faibaglasi wala tabaka, kama zile wanazotengeneza Wahadzabe kule Ziwa Eyasi au zile ndefu za Kiingereza, sheria inabadilika: mgongoni usikwangue kabisa. Mgongo wa upinde wa mti mara nyingi ni pete moja ya mti iliyoachwa nzima kuanzia juu mpaka chini, ukiikata hata sehemu ndogo kama kucha, hapo ndo utakapoanzia kupasuka. Kwenye huo futa kwa spiriti taratibu, kinachotoka kitoke, kinachobaki kibaki.

UKAGUZI, KABLA HUJANUNUA HATA MSASA

Hakuna kitu kinauma kama kupaka vanishi nzuri kwenye maiti. Kwa hiyo upinde ukiwa hauna kamba, chukua pamba ya famasi, ipitishe juu ya bawa lote mgongo na tumbo kwa wepesi. Ikinasa mahali, hapo kuna uzi wa faibaglasi umeinuka. Halafu chukua tochi ya simu, ilaze pembeni ya bawa ili mwanga upite chini chini, utaona nyufa zote. Ufa unaokwenda na urefu wa bawa mara nyingi hauna shida kubwa. Ufa unaokatiza bawa ndo wa kuogopa, upitishie kucha: kama upo kwenye vanishi tu kucha inateleza au inakwama kidogo sana, kama umeingia kwenye faibaglasi yenyewe kucha inashuka na kugonga ukingo. Huo wa pili mi nautundika ukutani uwe pambo, siuvuti.

Mistari ya gundi ubavuni nayo ipitie yote kwa ncha ya karatasi ngumu, kama ya kadi ya mwaliko. Karatasi ikiingia mahali, gundi imeachia. Mwisho ufunge kamba, uangalie kutoka nchani kama unavyoangalia mbao imenyooka au la, kamba ipite katikati ya mabawa yote mawili. Ikilala upande mmoja sana bawa limejipinda. Na jamani, mkiwa mnakagua msivute kamba tupu mkaiachia bila mshale, mnasikia raha ya ule mlio ila nguvu yote inarudi kwenye mabawa na upinde mzima kabisa unaweza kuvunjika kwa mchezo huo huo.

VIFAA

Vya kawaida sana. Msasa namba 180, 220, 320 na 400, Kariakoo pale Gerezani unavipata vyote, ila 400 chukua ule mweusi wa kutumia na maji wanaotumia mafundi rangi wa magari. Spiriti ya bluu chupa moja. Thina kidogo, robo lita inatosha na itabaki. Maskin tepu. Barakoa ile ngumu ya N95, sio ya kitambaa. Glavu. Na kifaa chenyewe cha kazi, ambacho ni kipande cha kioo.

Ndio, kioo. Hii nilifundishwa na mzee mmoja pale Keko, fundi wa makochi na makabati, nilimpelekea upinde wa pili nikitaka anipigie msasa wa mashine. Akaugeuza geuza, akaniuliza, "Hii inapinda?" Nikamwambia inapinda mzee wangu. Akasema, "Basi mashine hapana, mdogo wangu, mashine haina macho." Akaokota kioo cha dirisha kilichovunjika, milimita tatu, akakwangua mara mbili kwenye mshikio, ikatoka vumbi nyeupe laini kama unga wa sembe na chini yake mbao inang'aa bila hata mchubuko. Hakunitoza hela, kanipa na kipande cha kioo nikaondoka nacho kimefungwa kwenye gazeti.

Kama unaogopa kioo tumia kipande cha chuma cha msumeno wa mbao kilichonolewa ukingo, hata wembe mpya unafaa kwenye sehemu ndogo ila unakata haraka sana kwa asiyezoea.

VUA VITU, PIGA PICHA

Toa kamba. Toa ngozi au kitambaa kinachokaa pale mshale unapolala, kama kimegandishwa kikwangue polepole na gundi iliyobaki isugue kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo. Usiipashe moto. Narudia hili maana najua kuna mtu ana draya ya saluni nyumbani anaiangalia: epoksi inalainika kwa joto, na ndo maana upinde hauachwi kwenye gari lililopaki juani, Dar hii ndani ya gari saa nane mchana hata mshumaa unajikunja. Moto wa kutolea rangi ndo usithubutu.

Kisha piga picha za maandishi yote karibu karibu, uzito wa kuvuta, urefu, namba, nembo. Kwenye pinde nyingi maandishi yamechorwa juu ya faibaglasi halafu vanishi ikapita juu yake, yaani yanaishi katikati ya koti na ngozi, ukivua koti yanaenda nalo. Dawa yake ni kuzungushia maskin tepu mraba nadhifu, hapo ndani usikwangue, utakuja kupasugua kwa 400 na maji mara tatu nne tu ili vanishi mpya ishike. Ukimaliza huoni tofauti, labda uwe na macho ya mwewe.

JARIBU NI VANISHI GANI

Tafuta sehemu iliyojificha, mi natumia pale chini ya ngozi ya mshikio. Gusa na pamba ya sikio yenye spiriti, hesabu mpaka thelathini. Ikinata kama pipi iliyolambwa, ni sheleki, na una bahati, unaweza kuifuta yote kwa kitambaa chenye spiriti bila kukwangua. Isiponata jaribu thina, tone tu na kwenye mshikio tu. Ikilainika ni laka. Isipolainika kwa vyote viwili ni zile za kisasa zinazokomaa kama plastiki, poliyurethani na ndugu zake, hiyo ni kioo mwanzo mwisho. Hata ikiwa laka mi sifuti bawa kwa thina, kwa sababu thina inatafuta njia ya kuingia kwenye gundi na mimi nilishaona gundi iliyolowa inavyoisha.

KUKWANGUA, HAPA TULIA

Anza na mshikio, sio mabawa, ili mkono uzoee kwenye mbao nene ambayo ukikosea unasameheka. Shika kioo kwa mikono miwili, karibu kimesimama wima, kilalie kidogo upande unaoelekea, kisha kivute na mtiririko wa mbao. Usisukume kwa nguvu. Ukingo ukiwa mzuri unasikia sauti ya shhh kama mtu anayefagia uwanja mbali, ukisikia kwi kwi kwi kioo kinarukaruka na kitaacha mawimbi, badilisha ukingo au badilisha pembe.

Sasa kitu muhimu kuliko vyote humu ndani: angalia rangi ya vumbi. Vanishi inatoka vumbi nyeupe au ya njano hafifu. Kwenye mshikio ukianza kuona vinyweleo vya kahawia au vyekundu, hiyo ni mbao, vanishi imeisha hapo, sogea. Kwenye bawa lenye faibaglasi nyeusi au ya kahawia vumbi ikianza kuwa kijivu au kuchukua rangi, simama hapo hapo, umeanza kula faibaglasi. Mi natandaza khanga nyeupe iliyochakaa mezani ili vumbi ionekane vizuri. Ila kama faibaglasi yako ni nyeupe au ya kuona ndani hii mbinu haikusaidii maana vumbi zote zinafanana, hapo tegemea mng'ao: lowesha kidole na maji, pitisha, sehemu yenye vanishi bado inang'aa ikikauka na sehemu iliyovuliwa inabaki imefifia.

Kwenye mabawa vuta kioo kwa urefu, kuanzia karibu na mshikio kuelekea nchani, michirizi mirefu, kamwe usikatize. Mkwaruzo unaokatiza bawa unakata nyuzi na hapo ndo ufa wa baadaye utazaliwa. Pale mshikio unapoishia na bawa linaanzia mbao inakuwa nyembamba kama karatasi, pita kwa wepesi kabisa. Kingo za bawa usizikwangue zikawa duara, na ule mstari wa gundi ubavuni usiuchimbe. Nchani napo pana vipande vidogo vimeongezwa vya kushikia kitanzi cha kamba, hapo mi naweka kioo chini nachukua msasa 320 uliokunjwa.

Na kama vanishi ya kwenye mabawa imeshika vizuri, haivuki, imefifia tu? Iache. Vua mshikio peke yake, mabawa yasugue kwa 400 na maji mpaka ung'ao uondoke, upake juu yake. Watu wanaona kama ni uvivu ila mi ndo ninavyofanya siku hizi nikipata nafasi, koti la zamani lililoshika ni kinga ya bure.

Upinde mmoja unanila siku mbili za jioni jioni, sio za kukimbizana. Ukichoka acha, makosa yangu yote ya kioo nimeyafanya baada ya saa nne usiku nikisema namalizia kakipande haka tu.

MSASA

Kwenye mshikio 180 kuondoa mawimbi ya kioo, halafu 220, halafu 320, msasa umefungwa kwenye kipande cha ndala ya zamani, ile sponji ya ndala inafuata mikunjo vizuri kuliko mbao. Sugua na mtiririko wa mbao. Usilowanishe mbao tupu, itanyanyua vinyweleo na utarudi mwanzo.

Kwenye mabawa 180 na 220 visiguse. Ni 400 tu, na maji kidogo yenye tone la sabuni, kazi yake ni kuondoa mabaki na kuacha uso wenye ukungu ukungu. Maji yana faida nyingine, yanashika vumbi ya faibaglasi isiruke. Hiyo vumbi ni mwasho usio na adabu, mimi mara ya kwanza nilikaa na singlendi nikalala najikuna mpaka alfajiri, mama watoto anauliza umelala kwenye upupu? Vaa mikono mirefu, barakoa usitoe, fanyia nje au barazani penye upepo, watoto wasicheze karibu. Ukimaliza jimwagie maji ya baridi kwanza bila kujisugua, ndo sabuni ifuate, na zile nguo zifuliwe peke yake. Hata vumbi ya mbao yenyewe sio rafiki, hizi mbao za kitropiki wanazopenda kuweka kwenye mshikio zinawasha pua na macho ya watu wengi, fundi yeyote aliyepasua mninga atakwambia.

KUFUTA

Futa vumbi kwa brashi laini, halafu kitambaa cha pamba kilichonyunyiziwa spiriti, kisilowe kikachuruzika, pitisha mara moja ugeuze upande. Kama mshikio ni wa mbao yenye mafuta, zile nyekundu nzito za familia ya rosewood, pitisha na thina mara moja kwenye mbao tu, muda mfupi kabla ya kupaka, la sivyo yale mafuta ya mbao yatafanya vanishi igome kukauka na utabaki na upinde unaonata kama kaimati. Kuanzia hapo usiushike kwa vidole vitupu, jasho la Dar linaacha alama. Ning'iniza kwa uzi uliofungwa nchani.

KUPAKA UPYA, KWA KIFUPI

Mtu wa kunyunyizia apulize, mtu wa brashi apake, cha msingi iwe myembamba, tabaka nne au tano nyembamba zinashinda mbili nene, maana nene ikipinda inapasuka, ndo ilivyoanza shida ya mwanzo. Katikati ya tabaka sugua kidogo na 400. Huku kwetu adui ni unyevu. Laka ukiipuliza wakati wa masika, au asubuhi hewa ikiwa nzito, inageuka maziwa mbele ya macho yako kwa sababu unyevu unanasa ndani yake. Mi nasubiri Juni mpaka Septemba, napuliza kati ya saa tano na saa tisa, kivulini, siku ya upepo mdogo. Kama huwezi kusubiri tumia mafuta ya tung, yale ya mbegu za mti wa tung, au poliyurethani ya kupaka kwa kitambaa, inachelewa kukauka lakini haina maringo.

Ikishikika mkononi bado haijakomaa. Mpe wiki mbili akiwa ananing'inia ndani ya nyumba, usiufunge kamba hata ukibembelezwa.

Kuhusu kamba, usirudishe ya zamani, na usinunue hizi mpya zisizovutika kabisa wanazoweka kwenye pinde za kisasa, ncha za upinde wa zamani hazikutengenezwa kwa mshtuko ule, zinapasuka. Omba ya dakroni, ile ya B-50 au B-55, mimi niliagizia na jamaa aliyekuwa anarudi kutoka nje maana hapa mjini nilizunguka nikachoka. Siku ya kwanza ifunge, acha upinde ukae na kamba kama saa moja bila kuvutwa, chukua tochi upitie tena mistari ya gundi. Kisha vuta robo, mara kumi, unarudisha taratibu kwa mkono, halafu nusu, mara kumi, unakagua tena, na ndo unaweka mshale.